Frederick Courteney Selous (1851–1917) na Batalioni ya Wazee wa Kujitolea

Watahiniwa wengi hulikuta jina la Selous kwanza katika somo la Jiografia, kwenye orodha ya mapori ya akiba, na wengi humaliza Kidato cha Nne wakidhani ni jina la mto au la mlima. Selous alikuwa mtu. Alikuwa Mwingereza, mwindaji na mwandishi, na maisha yake yanapita ndani ya mada tatu unazozisoma: uvamizi wa wakoloni, upinzani wa Waafrika, na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia katika Afrika Mashariki. Ukiyajua maisha ya mtu huyu mmoja vizuri, una mifano ya kutosha kwa maswali matatu tofauti ya insha.

Kwa mwanafunzi anayesoma Kagera kuna sababu nyingine. Selous alipigana Bukoba mwaka 1915, akiwa na umri wa miaka 63, ndani ya kikosi cha watu waliojitolea ambacho hakikudumu hata miaka minne. Mwanafunzi wa Nemba au Ngara aliyezoea kusikia kuwa vita vile vilipiganwa Tanga na Tabora pekee atashangaa kukuta vilifika mlangoni kwake.

Utoto na safari ya kwanza

Frederick Courteney Selous alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851. Ukoo wake ulitoka kwa Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbilia Uingereza zamani kwa sababu ya dini. Baba yake alikuwa tajiri na aliwahi kuongoza Soko la Hisa la London. Kijana alisoma katika shule ya Rugby, moja ya shule maarufu za watoto wa matajiri, lakini moyo wake ulikuwa msituni: kukusanya mayai ya ndege, kupanda miti, kusoma vitabu vya wasafiri wa Afrika.

Januari 1867, akiwa na miaka 15, alikuwa miongoni mwa watu waliokuwa wakiteleza juu ya barafu ya ziwa la Regent's Park, London, barafu ilipopasuka. Watu wapatao 40 walikufa majini. Yeye alijiokoa kwa kutambaa kwa tumbo kutoka bonge moja la barafu hadi jingine. Wanaoandika habari zake hupenda kulitumia tukio hili kuonyesha kuwa hakuwa mtu wa kuhangaika mbele ya hatari.

Wazazi walitaka awe daktari, wakampeleka Uswisi, Ujerumani na Austria kusoma. Huko alijifunza Kijerumani, akakorofishana na mlinzi wa msitu kwa ajili ya mayai ya ndege, akalazimika kuondoka Ujerumani haraka. Udaktari uliishia hapo. Septemba 1871 alishuka Algoa Bay, Afrika Kusini, akiwa na pauni 400 mfukoni na miaka 19 tu.

Mwindaji katika nchi ya Lobengula

Mwaka 1872 Selous alifika Bulawayo kumwomba Mfalme Lobengula wa Wandebele ruhusa ya kuwinda tembo. Mfalme alimwona ni mtoto tu, akamruhusu akidhani hataua chochote. Alikosea. Kwa kuwa mbung'o waliua farasi katika maeneo yenye tembo wengi, Selous aliwinda kwa miguu, akibeba bunduki nzito za kushindiliwa baruti mdomoni, na ndani ya miaka michache alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wa pembe za ndovu waliojulikana zaidi kusini mwa Zambezi. Mwaka 1881 alichapisha kitabu cha safari zake za uwindaji, nacho kikamfanya maarufu Uingereza.

Hapa mtahiniwa atulie kidogo. Selous hakufika kama askari wala mtawala. Alifika kama mgeni aliyeomba ruhusa kwa mfalme Mwafrika, akaipata, akaishi nchini kwa takriban miaka 20, akazijua njia, mito, vivuko, visima na majina ya machifu. Mada ya mawakala wa ukoloni hutaja wamisionari, wafanyabiashara na wapelelezi. Selous alikuwa wa pili na wa tatu kwa wakati mmoja, na maarifa aliyoyapata kwa hisani ya Lobengula ndiyo yaliyotumika baadaye kumwangusha Lobengula huyohuyo.

Ilikuwa hivi. Mwaka 1888 mawakala wa Cecil Rhodes walimlaghai Lobengula akaweka alama yake kwenye Mkataba wa Rudd, uliowapa haki ya madini. Mwaka 1889 Rhodes alipata hati ya kifalme ya kuanzisha Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini. Kilichobaki kilikuwa kuingia Mashona bila kupigana na jeshi la Wandebele. Selous ndiye aliyeshauri msafara usipite Bulawayo bali uzunguke kusini na mashariki kwa barabara mpya, na mwaka 1890 ndiye aliyeiongoza kazi ya kuikata barabara hiyo. Msafara ulikuwa na waanzilishi karibu 200, ukilindwa na polisi wa kampuni wapatao 500. Tarehe 12 Septemba 1890 walifika mahali walipojenga ngome ya Salisbury, ambayo leo ni Harare.

Waanzilishi hao nao walikuwa watu wa kujitolea, lakini angalia walichojitolea kwacho: kila mmoja aliahidiwa ekari 3,000 za ardhi na vitalu 15 vya kuchimba dhahabu. Ardhi hiyo haikuwa ya kampuni. Neno kujitolea, ndugu mtahiniwa, lina bei yake, na katika historia ya ukoloni ni vizuri kuuliza nani aliilipa.

Vita na Wandebele vilifuata mwaka 1893. Selous alishiriki upande wa kampuni akajeruhiwa. Lobengula alikimbia mji wake na akafa akiwa mafichoni mwaka uliofuata. Mwaka 1894 Selous alioa Uingereza, kisha akarudi kusimamia shamba kubwa karibu na Bulawayo. Alikuwa huko Machi 1896 Wandebele walipoasi, wakafuatwa na Washona. Sababu za uasi ule unazijua: kunyang'anywa ardhi na ng'ombe, kazi ya lazima, ukatili wa polisi wa kampuni, na ugonjwa wa sotoka ulioua ng'ombe waliobaki. Nyumba ya Selous ilichomwa moto na mifugo ikachukuliwa. Yeye na mkewe walikimbilia Bulawayo, akajiunga na kikosi cha walowezi waliojitolea, akapigana mpaka uasi ulipozimwa upande wa Wandebele, kisha akarudi Uingereza. Kitabu alichoandika mwaka huohuo kuhusu vita hivyo kinaeleza mambo kwa macho ya mlowezi. Kisome ukipata nafasi, lakini usitegemee kumsikia Mndebele ndani yake.

Kati ya 1896 na 1914 aliishi kijijini Worplesdon, kusini mwa Uingereza, akiwa na jengo maalumu la kuhifadhia pembe na ngozi za wanyama aliowaua. Alimsaidia Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, kupanga safari yake kubwa ya uwindaji ya 1909, wakasafiri pamoja kwa meli hadi Mombasa. Miaka hii mingine haina mengi ya kukuhangaisha kwa mtihani.

Kikosi cha watu wa mipakani

Vita ilipoanza Agosti 1914 Selous alikuwa na miaka 62. Aliomba kujiunga na jeshi akakataliwa kwa sababu ya umri. Hakuridhika, akaendelea kuomba.

Wakati huohuo kulikuwa na chama cha kiraia kilichoitwa Legion of Frontiersmen, kilichoanzishwa miaka kumi hivi kabla ya vita na Roger Pocock. Wanachama wake walikuwa watu waliowahi kuishi pembezoni mwa dola ya Kiingereza na kwingineko: wawindaji, mabaharia, wachunga ng'ombe wa Marekani, wachimba dhahabu, askari wastaafu. Kiongozi wao mwaka 1914 alikuwa Daniel Patrick Driscoll, aliyepata sifa akiongoza kikosi cha upelelezi katika vita ya Makaburu (1899–1902). Driscoll aliiomba serikali imruhusu kuunda batalioni nzima kutoka kwa watu hawa. Februari 1915 alikubaliwa. Ikaitwa Batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers, na ikawa na watu zaidi ya 1,000.

Selous alichukuliwa kama ofisa. Alikuwamo pia Cherry Kearton, mpiga picha maarufu wa wanyama pori. Alikuwamo William Northrup McMillan, tajiri wa Kimarekani mwenye mashamba Kenya. Walikuwamo watu waliowahi kutumikia jeshi la kigeni la Ufaransa. Umri ulianzia vijana wa miaka 18 hadi wazee waliopita 60. Kwa kuwa wengi walidhaniwa wanajua tayari kuishi porini na kupiga bunduki, batalioni ilipelekwa vitani bila mafunzo ya kawaida ya kijeshi. Waliondoka Uingereza Aprili 1915 na kushuka Mombasa tarehe 4 Mei 1915.

Kwa nini Afrika Mashariki? Kwa sababu Waingereza walikuwa wameaibika. Novemba 1914 walijaribu kuteka Tanga kwa jeshi kubwa lililotoka India, wakapigwa na jeshi dogo la Paul von Lettow-Vorbeck, wakarudi melini wakiacha silaha ufukweni. Baada ya hapo Wajerumani walikuwa wakivuka mpaka na kulipua reli ya Uganda. London haikutaka kutoa vikosi vya kawaida kutoka Ufaransa, ambako vita vilikuwa vikubwa zaidi. Kikosi cha wazee wa kujitolea kilikuwa jibu la bei nafuu.

Walowezi wa Kenya nao walikuwa wameunda vikosi vyao vya kujitolea tangu Agosti 1914. Mkubwa wao ulikuwa East African Mounted Rifles, kikosi cha wapanda farasi kilichoundwa Nairobi. Wengi wa watu wake walihamishwa kuwa maofisa wa vikosi vingine au walirudi mashambani, na kufikia 1917 kikosi kilikuwa kimekwisha. Upande wa Wajerumani pia walowezi walijiunga katika kampuni zao za wapiga shabaha. Kwa hiyo ukiulizwa kuhusu mchango wa walowezi katika vita hivi, mifano unayo pande zote mbili.

Bukoba, Juni 1915

Bukoba wakati ule ilikuwa makao ya Wajerumani magharibi ya Ziwa Victoria. Ilikuwa na ngome na mnara wa redio uliowasaidia Wajerumani kuwasiliana. Mpaka na Uganda ulilindwa kando ya Mto Kagera, na baadhi ya watawala wa Buhaya, maarufu kati yao Kahigi wa Kianja, walikuwa washirika wa Wajerumani kwa muda mrefu. Waingereza waliamua kuushambulia mji kutokea ziwani, kuuharibu mnara, kisha kuondoka. Lilikuwa shambulio la kupiga na kurudi. Hapakuwa na mpango wa kuikalia nchi.

Jeshi la watu wapatao 1,500 lilipanda meli Kisumu chini ya Brigedia Jenerali Stewart. Mbali na Batalioni ya 25 walikuwamo Waingereza wa Loyal North Lancashire, askari wa Kihindi, na askari Waafrika wa King's African Rifles, yaani KAR. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Juni walishuka kaskazini mwa mji, chini ya mwamba mkali unaotazama ziwa. Batalioni ya 25 ilipewa kazi ya kupanda kwanza. Fikiria mzee wa miaka 63 akiparamia mwamba gizani na bunduki mgongoni, nyuma yake watu wenye nusu ya umri wake wakihema. Walifika juu bila kukutana na upinzani.

Siku nzima ya tarehe 22 ilipita wakipigana kwenye miamba na migomba kaskazini mwa mji, wakalala kwenye mvua bila chakula cha maana. Tarehe 23 mji ulitekwa. Mnara wa redio uliangushwa, ngome ikalipuliwa, silaha zikachukuliwa. Kwa upande wa Waingereza waliokufa hawakuzidi kumi na kitu.

Kilichofuata hakisifiwi katika vitabu vya vita. Mji uliporwa. Askari wa kujitolea walivunja nyumba na maghala, wakanywa pombe waliyoikuta, wakavaa nguo za wenyeji wa nyumba. Kisha jeshi likapanda meli na kuondoka. Wajerumani walirudi Bukoba baada ya siku chache, na wenyeji wa Bukoba wakabaki na mji ulioharibiwa na watawala walewale. Mji haukubadilisha mikono kwa hakika mpaka katikati ya mwaka 1916.

Magazeti ya Uingereza yalilitangaza shambulio hili kama ushindi mkubwa, kwa kuwa tangu Tanga hakukuwa na habari njema kutoka Afrika Mashariki. Kijeshi matokeo yake yalikuwa madogo. Mtahiniwa anayeandika kuwa Waingereza waliiteka Kagera mwaka 1915 atakuwa amekosea. Waliishambulia Bukoba mwaka 1915. Kagera ilitekwa mwaka 1916.

Upande wa Ngara na Biharamulo vita vilikuja kwa njia nyingine kabisa, na si kwa Waingereza. Kuanzia Aprili 1916 jeshi la Kongo ya Kibelgiji, lililoitwa Force Publique, chini ya Jenerali Charles Tombeur, liliingia Rwanda, likateka Kigali Mei, likapita Burundi, na Juni 1916 likawa limefika Biharamulo. Boma la Wajerumani la Biharamulo lingali limesimama hadi leo. Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora. Mpaka unaoitenga Ngara na Burundi na Rwanda ulianzia katika mazungumzo ya Waingereza na Wabelgiji baada ya vita, makubaliano ya Milner na Orts ya 1919. Eneo la Bugufi, ambalo sasa ni sehemu ya Ngara, kabla ya hapo lilihesabiwa upande wa Burundi. Kwa hiyo swali la athari za vita hivi kwa mipaka lina jibu lililo karibu sana na mwanafunzi wa Nemba.

Homa kali kuliko risasi

Baada ya Bukoba batalioni ilirudi Kenya kulinda reli. Huko Maktau, Septemba 1915, Luteni Wilbur Dartnell, Mwaustralia, aliomba aachwe nyuma na majeruhi wenzake, akitumaini kuwa adui hatawaua majeruhi ofisa akiwa nao. Aliuawa. Alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Selous alipandishwa cheo kuwa kapteni.

Machi 1916 Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini alianza kuwasukuma Wajerumani kutoka Kilimanjaro kuelekea kusini. Batalioni ya 25 ilifuata Mto Pangani, kisha ikaelekea Morogoro. Hapo ndipo kikosi kilipoanza kufa, na muuaji mkubwa alikuwa mbu. Malaria na kuhara viliwaangusha wanaume waliojisifu kuwa porini ndiko kwao. Chakula kilichelewa kwa sababu mbung'o waliwaua nyumbu na farasi wa mizigo. Ilipofika katikati ya mwaka, sehemu kubwa ya watu waliotua Mombasa walikuwa hospitalini, wamerudishwa kwao au wamezikwa. Selous mwenyewe aliugua akapelekwa Uingereza kufanyiwa upasuaji. Septemba 1916 alipewa nishani ya DSO. Alipopona, badala ya kubaki nyumbani kwa heshima zote, alirudi na askari wapya. Mwezi Desemba alikuwa tena na kampuni yake.

Sasa tuseme juu ya wale ambao habari za Selous kwa kawaida huwapita. Batalioni isingetembea hata siku moja bila wapagazi. Wanyama walipokufa, mizigo ilipanda vichwani mwa watu. Katika Kenya sheria ya 1915 iliruhusu serikali kuwalazimisha Waafrika kuwa wapagazi, na mwaka 1917 ulifanyika ukamataji mkubwa uliosimamiwa na John Ainsworth. Machifu walitakiwa kutoa idadi, na waliokamatwa walitoka mashambani, sokoni na barabarani. Walilishwa unga wasiouzoea, wakalala bila mablanketi, wakafa kwa kuhara na homa ya mapafu. Wanahistoria wengi hukadiria kuwa wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walikaribia au kuzidi laki moja. Mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, umebeba jina la kikosi cha wapagazi hao, ambacho kambi yake ilikuwa hapo.

Ukiandika insha kuhusu vita hivi ukataja Batalioni ya 25 bila kuwataja wapagazi, insha yako ni nusu. Watu elfu moja na kidogo walijitolea. Malaki hawakuulizwa.

Beho Beho

Mwanzoni mwa Januari 1917 Smuts aliwashambulia Wajerumani kwenye Mto Mgeta ili kuwazuia wasivuke Rufiji. Tarehe 4 Januari 1917 Selous aliiongoza kampuni yake karibu na Beho Beho, dhidi ya Wajerumani na askari wao Waafrika waliokuwa wakirudi nyuma. Wapiga shabaha walijificha vichakani. Selous aliinua kichwa kuangalia risasi zinatoka wapi, akapigwa kichwani, akafa palepale. Alikuwa amefikisha miaka 65 siku nne zilizopita.

Inasimuliwa kuwa mbeba bunduki wake, Ramazani, aliyekuwa naye miaka mingi ya uwindaji, alijitupa mbele kwa hasira kuwafuata waliomuua bwana wake, naye akauawa. Simulizi hili limerudiwa na waandishi wengi. Tukilichukua hivyo, tunaona jambo moja la kusikitisha: jina la familia ya Ramazani, kijiji chake na umri wake havikuandikwa na yeyote kati ya waliomsifu.

Selous alizikwa chini ya mkwaju, karibu na mahali alipoangukia. Von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa adui yake, alimtaja kwa heshima katika kumbukumbu zake za vita. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile ya 4 Januari, mwaka 1918, mwanawe Freddie, rubani wa ndege za kivita, aliuawa Ulaya.

Mwisho wa batalioni

Batalioni ya 25 haikuishi muda mrefu baada yake. Mapema 1917 walionusurika walipelekwa Afrika Kusini kupumzika, kisha wakarudishwa Lindi. Oktoba 1917 walishiriki mapigano ya Nyangao na Mahiwa, ambayo yalikuwa makali kuliko yote katika vita hivi vya Afrika Mashariki. Walioingia walikuwa wachache, na walipotoka hapakuwa tena na kikosi cha kuitwa kikosi. Mwishoni mwa mwaka waliobaki waliondolewa Afrika Mashariki, na katika mwaka 1918 batalioni ikavunjwa rasmi.

Kazi waliyoiacha iliendelezwa na Waafrika. KAR, iliyokuwa na batalioni tatu vita vilipoanza, ilikuwa na batalioni 22 vilipokwisha. Waingereza walijifunza kwa gharama kubwa kuwa Wazungu wa kujitolea, hata wale waliozoea pori, hawakuhimili vita vya miezi mingi katika nchi ya malaria. Hii ndiyo sababu askari wa vita hivi katika miaka miwili ya mwisho, pande zote, walikuwa Waafrika kwa wingi. Von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya, kwa kuwa habari zilichelewa kumfikia.

Jina juu ya ramani

Eneo la kusini mwa Tanganyika lililokuwa limehifadhiwa kwa wanyama tangu enzi za Wajerumani lilipewa jina la Selous mwaka 1922, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya udhamini wa Uingereza. Baadaye liliongezwa, na kwa sehemu watu walihamishwa ili wanyama wapate nafasi, mpaka likawa pori la akiba la kilomita za mraba zipatazo 50,000. Mwaka 1982 liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Mwaka 2019 serikali ya Tanzania iliigeuza sehemu yake ya kaskazini kuwa hifadhi ya taifa na kuipa jina la Mwalimu Nyerere. Sehemu ya kusini ingali inaitwa Selous. Beho Beho, pamoja na kaburi, ipo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kwa hiyo mtu aliyesaidia kuchukua nchi ya Lobengula amelala katika ardhi yenye jina la mtu aliyeidai nchi yake kwa njia ya amani. Wapo wanaoona jina la Selous lingefutwa kabisa, na wapo wanaoona libaki kwa kuwa limezoeleka na watalii. Mtahiniwa anaweza kushika upande wowote katika insha, mradi atoe sababu na asimwite Selous Mjerumani.

Jipime

Eleza kwa mifano kutoka maisha ya Selous jinsi wawindaji na wafanyabiashara walivyorahisisha uvamizi wa nchi ya Wandebele na Washona. Tofautisha shambulio la Bukoba la 1915 na utekaji wa eneo la Kagera mwaka 1916. Kwa nini Waingereza walizidi kutegemea askari wa KAR baada ya 1916? Jadili usemi kwamba vita ya 1914–1918 katika Afrika Mashariki ilipiganwa na watu wa kujitolea wachache na watu wa kulazimishwa wengi.